Bluu ya Sanduku la Dada

14 Januari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama na begi limefika pia, ingawa zipu iliachia njiani na ile mito uliyonishonea ikawa inachungulia abiria. Mwenzangu wa chumba ameshajitwalia mmoja, anasema ameuazima, na mimi najua maana ya kuazima kwake. Kazini nimekuta mapazia yananisubiri. Mwenye karakana amepata hoteli nzima, kila dirisha na pazia lake, na yote ni ya kijivu. Ukikaa na kijivu mbele ya cherehani kutwa, jioni unajihisi kama unaumwa.

Hapo juu nimekubania kipande cha manjano chenye maua madogo, kama kawaida yetu. Mwenzangu ananicheka, ananiuliza kwa nini siku hizi za simu bado naandika barua. Nimemwambia simu haina mahali pa kubania kitambaa.

Sasa lililoniandikisha mapema hivi. Nilitaka kulimeza lakini limenikaa kooni. Siku ile nilipokuja, nilikukuta umekaa kwenye kiti chako karibu na dirisha na mlango uko wazi. Nikasimama pale na begi langu, nikatabasamu, nikasubiri kelele zako. Ukanitazama usoni kabisa, ukasema, "Karibu mama, mzigo uweke hapo mezani, nitaushona wiki ijayo." Mimi nikawa mteja! Mpaka nilipokuamkia ndipo ukainuka, ukanikumbatia nusura univunje mbavu, tukacheka wote.

Ila kicheko changu kilikuwa cha mdomoni tu. Mwaka mzima sijakuona, nimesafiri siku mbili, halafu unanitazama kama mtu uliyemkuta kwenye foleni. Nimebadilika kiasi hicho? Au nimekukosea jambo ukaona uniadhibu kwanza?

Msalimie shemeji. Mwambie kengele aliyoninyooshea sijaipatia baiskeli bado, lakini naipiga mezani kila asubuhi kumwamsha huyu mwizi wa mito.

Mdogo wako,
Kitinda


3 Februari

Kitinda,

Marahaba, na pole na zipu. Nilikwambia lile begi ni la kupigia picha, si la kusafiria. Huku hatujambo. Shemeji yako kazi zimemwelemea, kila mwenye baiskeli mbovu ameijua njia ya kwetu, na grisi imemwingia mikononi mpaka chai anayopika ina harufu ya mnyororo. Jirani yangu mkunga anatarajia mjukuu, na amenipa kazi ya kumshonea mtoto mfarishi. Si blanketi, amesema, blanketi linanunuliwa na kila mtu. Anataka mfarishi wa vipande, uliojazwa pamba katikati na kushonwa kwa mkono, ambao mtoto atakuja kuuburuta sakafuni akiwa na miaka mitano. Huyo anajua vitu.

Habari ya kutokukujua iache. Jua lilikuwa nyuma yako na mlangoni ulikuwa kivuli tu. Halafu umenenepa. Basi, yamekwisha.

Manjano yako imefika, na msimamo wangu unaujua. Manjano ni mgeni anayeongea kuliko wenye nyumba. Tena siku hizi imezidi, kila kitu kimeingiwa na umanjano. Lakini nitaiweka, maana uliyeileta ni wewe.

Sasa nisikilize. Fundi wa mifarishi anaweza kukosa sukari ndani, lakini vipo vitambaa ambavyo sandukuni kwake havikosekani. Bafta nyeupe, ya kuyapumzisha macho. Milia ya mashati ya wanaume yaliyochakaa kola, kwa sababu mgongo wa shati huwa mzima na pamba yake imeshalainishwa na kufuliwa. Maua madogo, makubwa ukiyakata unabaki na jani na nusu ya ua. Nyekundu, kidogo, kama chumvi. Na bluu iliyokolea, nyingi, maana bluu inakaa na kila rangi bila ugomvi. Na mimi bluu imeniishia. Tangu nishike sindano halijanikuta jambo hili.

Hapa haipatikani. Wanauza nyeusi halafu wanakutazama machoni wanaiita bluu. Bafta nayo wameiharibu, nadhani kiwandani wanaichovya kwenye chai ya maziwa. Nimekubania kipande ujionee mwenyewe. Juzi nimegombana na mwenye duka mpaka akanifungulia soda ili ninyamaze, nikainywa na nikaendelea.

Ninunulie mita nne za poplini ya bluu iliyokolea. Usiniulize ni za nini. Herufi zimekuwa kubwa kwa sababu kalamu ni nene.

Dada yako


22 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, hoteli ya kijivu imekwisha, sasa tuna ofisi ya kijani. Mwenzangu amehamia kwenye mto wa pili.

Poplini yako hii hapa, mita nne. Nimeipata kwa muuza vitambaa wa kona ya pili, yule anayekunja marobota yake kama vitabu. Nilivyoiona tu moyo uliruka, ni ileile bluu ya gauni langu la utotoni. Unalikumbuka? Lilikuwa na mifuko miwili, na mmoja ulitoboka kwa sababu ya mawe.

Bafta uliyonibania nimeiangalia dirishani. Mimi naiona nyeupe tu. Lakini wewe ndiye fundi, mimi ni mtu wa mapazia.

Na sijanenepa.

Kitinda


15 Machi

Kitinda,

Marahaba. Sote wazima, mkunga amepata mjukuu wa kiume, mama na mtoto hawajambo. Hizo ndizo salamu, sasa tuongee.

Nani alikufundisha rangi? Si mimi? Hukukaa chini ya meza yangu ukipanga vipande tangu hujaota meno ya mbele? Nimekuomba bluu, umeniletea nyeusi ti! Nimeufungua mzigo mbele ya mkunga, nimeshajivuna kwamba mdogo wangu anayeishi mjini ameniletea bluu ya ukweli, halafu kinatoka kitambaa cha kufunikia gari bovu. Mkunga mwenyewe alikitazama, akanitazama, akaaga.

Nimekirudisha, kimo humu. Kamrudishie huyo mkunja vitabu wako.

Bahati yangu, chini kabisa ya sanduku nilikuta kipande kirefu cha bluu yangu ya zamani. Hicho hata kwa kukishika tu nakijua. Kimetosha pindo la mfarishi wa mtoto, kuzunguka pande zote nne. Nimeumaliza na kuupeleka jana. Ile kazi yangu nyingine ndiyo imekwama, kwa sababu yako.

Shemeji yako anakusalimu. Anasema nisikuandikie kwa hasira. Nimemwambia hii siyo hasira, hii ni elimu.

Dada


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wote wawili mkiwa na nafasi ya kukaa, kwa sababu nataka uisome umekaa.

Nilikwenda kwa muuza vitambaa na kitambaa chako mkononi, nimevimba. Nikamwambia, "Umeniuzia nyeusi." Akakichukua, akatoka nacho mpaka barabarani, akakikunjua juani, watu wakasimama. Akaniambia, "Mama, hii ikiwa nyeusi basi mimi nauza samaki." Mpita njia mmoja ambaye hakuulizwa akasema bluu. Mwenye karakana yangu naye akasema bluu. Hata mwenzangu wa chumba, ambaye hujua rangi mbili tu, safi na chafu, alisema bluu.

Nikarudi chumbani nikakaa nacho mapajani. Kwanza nilikuwa nacheka. Halafu nikaitoa ile bafta yako kwenye bahasha, ile iliyochovywa kwenye chai, nikaiweka juu yake. Dada, ni nyeupe. Ni nyeupe kuliko ukuta uliopakwa chokaa leo. Nikazipanga barua zako za tangu mwaka juzi mezani, nikaona herufi zinavyokua, barua hadi barua, mpaka hii ya mwisho ambayo mstari mmoja una maneno manne. Kalamu haiwezi kunenepa hivyo.

Ndipo nikajiona nimesimama mlangoni kwako na begi langu.

Jua halikuwa nyuma yangu. Nilifika mchana na mvua ilikuwa inanyesha, uliniambia mwenyewe nivue viatu.

Dada, macho yako yakoje? Nakuuliza wazi, na wewe nijibu wazi. Nakurudishia kitambaa kilekile, sijanunua kingine. Kitoe nje, umuulize shemeji ni rangi gani, halafu umwangalie anavyokujibu.

Sijakukasirikia. Ile hasira ya Januari yote imenitoka, na natamani ingebaki, ilikuwa nyepesi kuliko hii hofu.

Kitinda


8 Mei

Dada,

Shikamoo. Mwezi umepita na zaidi. Nimepiga simu, shemeji anasema umelala. Saa nne asubuhi umelala, saa kumi umelala. Wewe ambaye ulikuwa unamwamsha jogoo!

Najua kununa kwako, nimekua nako. Nuna, lakini nuna kwa maandishi. Nitumie hata kipande kitupu kwenye bahasha, bila neno, nijue umekibania wewe.

Kitinda


27 Mei

Kitinda,

Marahaba za barua zote mbili. Mwandiko huu ni wa shemeji yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asiongeze lake.

(Shemeji, habari za siku. Huku tunakukumbuka. Sitaongeza.)

Nilikasirika sana. Nilisema, huyu mtoto niliyempangusa kamasi leo ananipima mimi kwa kitambaa. Nikakitupa chini ya kitanda. Kikakaa huko.

Halafu mkunga alinialika nimwone mjukuu wake. Nikaenda, nikapewa mtoto nimpakate, na alikuwa amefunikwa mfarishi wangu. Nikapapasa pindo, kuna kitu hakikunikalia sawa. Umegeuzwa. Upande wa chini uko juu, upande wenye kazi yangu yote umelazwa ndani. Nikacheka, nikasema, "Mbona mmeuvaa nje ndani kama fulana?" Mkunga akasema mtoto anapenda hivyo. Mtoto wa miezi miwili anapenda hivyo!

Nilirudi nyumbani nikamkuta huyu anaziba pancha. Nikamwuliza, pindo la mfarishi wa mtoto nimelitia rangi gani? Akaendelea kuziba pancha.

(Ni kweli niliendelea.)

Nikamwuliza tena. Akasema nyeusi. Kile kipande cha sandukuni kilikuwa bitana, kitambaa cha ndani cha koti lake la zamani, Kitinda. Nimemzungushia mtoto mchanga pindo jeusi pande zote nne, na mkunga, kwa heshima, akaligeuza ili nisiaibike. Nikaingia chini ya kitanda mwenyewe, nikakitoa kitambaa chako, nikakiweka mbele yake. Akasema bluu. Akasema tena, bluu nzuri.

Nilimwuliza tangu lini anajua. Anasema tangu mwaka jana. Kumbe kila asubuhi kabla hajafungua kazi yake alikuwa ananitungia uzi kwenye sindano na kuzichomeka kwenye kimto kwa mpangilio, nyeupe kushoto, nyekundu kulia, na mimi nilidhani ni mimi niliyeziacha hivyo jana yake. Nilitaka kumpiga na mkasi. Nililia badala yake.

(Hapa nimemletea maji.)

Basi umeuliza, nakujibu. Naona kama natazama kupitia kioo cha bafuni chenye mvuke. Nyuso sizioni, nazisubiri ziongee. Siku ile ulipokuja sikujua ni wewe mpaka ulipofungua mdomo. Nimeikumbuka kila siku tangu siku ile.

Na usiniambie habari ya hospitali, maana najua ndiko unakokuja. Wewe ulikuwa mdogo, hukuwepo. Mama nilimpeleka mimi. Aliingia mle ananiona mimi na ukuta na mlango, akatibiwa, na baada ya hapo hakuona tena. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumrudisha, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama tayari ni usiku. Hiki kidogo nilichobaki nacho nakitaka. Sitampa mtu akakizima.

Dada yako
(na shemeji yako, ambaye hajaongeza kitu)


12 Juni

Dada mpendwa, na shemeji mwandishi,

Shikamoo nyote. Barua yenu niliisoma stoo kati ya marobota, nikatoka na uso ambao mwenye karakana aliutazama mara moja akaniambia niende nyumbani. Sikwenda nyumbani.

Mwaka jana tulifunga mapazia kwenye zahanati moja ya macho, mazito yale ya kuzuia mwanga. Nilikwenda pale. Nilimsubiri daktari mpaka wagonjwa wote walipoisha, nikamwambia sijaja kwa ajili ya mapazia. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kipaza. Nikamweleza yote, bafta ya chai, bluu inayokuwa nyeusi, kioo cha bafuni, mpaka pindo la mtoto. Kwenye pindo alicheka, halafu akaniomba radhi.

Akasema, "Inaonekana ni mtoto wa jicho. Ile lenzi ndani ya jicho inaingia ukungu na umanjano, na bluu ndiyo inayozimika kwanza. Lakini dada yako sijamwona, siwezi kukuahidi kitu." Hiyo ndiyo sehemu iliyonifanya nimwamini, kwamba hakuahidi.

Nikamwuliza habari ya Mama. Akaniuliza kama Mama alikuwa anaumwa kichwa, na kama alianza kugongana na milango ya pembeni huku anaona vizuri vya mbele. Nikakumbuka bega lake, Dada. Lilikuwa na alama za fremu za milango, sote tulimtania. Daktari akasema huenda yale yalikuwa maradhi mengine kabisa, presha ya jicho, na hayo yakishachukua, hayarudishi. Anasema mara nyingi tiba yake huzuia tu yaliyobaki, na watu wengi hufika kwa kuchelewa. Inawezekana Mama hakuzimwa na mtu. Inawezekana alifika mwanga unaishia, na wewe ulikuwa pale ulipokwisha, ukabeba lawama tangu siku hiyo.

Siwezi kulijua hilo kwa hakika, na daktari naye hawezi. Lakini lako linaweza kujulikana. Kupima si kukata. Wanakutia matone, wanakumulika, unarudi nyumbani na macho yako yaleyale. Halafu ndipo ukatae, kama utakataa.

Naogopa, sitakuficha. Naogopa kukusukuma halafu ikawa vibaya. Naogopa zaidi kukuacha ukae kwenye kile kiti unasubiri nyuso ziongee. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba ukiona mshono umekwenda upande, unafumua siku hiyohiyo, huendelei kushona ukitumaini utajinyoosha.

Shemeji, mpeleke. Mbebe kwenye kibebeo cha baiskeli ikibidi.

Kitinda


4 Julai

Kitinda,

Marahaba. Wazima sote. Mwandishi ni yuleyule.

Nimepimwa. Usishangilie. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na presha hakuna. Nilimwuliza daktari mara tatu kuhusu presha mpaka akaniuliza kama nilikuwa naitamani. La kulia ndilo bovu zaidi, wataanza na hilo tarehe ishirini na tatu. Nimesema sawa, halafu nikashangaa ni nani aliyesema.

Usije. Ukija utanishika mkono, ukinishika mkono nitalia, na wamesema nisilie.

Manjano yako ile ya maua madogo nimeiweka kwenye mfuko wa gauni nitakalovaa. Siwezi kuieleza sababu. Ndiyo rangi pekee ambayo bado inaniitikia nikiiita.

(Shemeji, usiku halali vizuri lakini mchana anaimba. Nakutaarifu tu.)

Dada


23 Julai

Dada,

Shikamoo. Najua barua hii haitakufikia leo, lakini leo ndiyo siku yako na mikono yangu imekosa pa kwenda. Nimeshona pazia la ofisi ya kijani juu chini. Mwenye karakana amelitazama, akasema, "Leo ni leo, eh?" akaniletea kiti na chai.

Nimekubania kipande cha bluu. Kitakapofika, utaniambia mwenyewe.

Kitinda


19 Agosti

Kitinda wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Tazama mwandiko! Huu ni wangu, na mistari ya karatasi naiona, na nimeikalia vizuri kuliko shemeji yako, ambaye sasa nimegundua huandika kama mtu anayekimbiza kuku. Amenuna kidogo. Atazoea.

Sikukuandikia mapema kwa sababu walinikataza kuinama na nikawatii, jambo ambalo limewashangaza wote wanaonijua. Walipofungua bendeji nilikuwa nimefumba. Nesi akasema, "Mama, fumbua." Nikasema ngoja. Akasema, "Tunangoja nini?" Nikamwambia namngoja Mama atoke njiani. Hakuelewa, lakini alingoja, Mungu ambariki. Halafu nikafumbua.

Kitu cha kwanza kilikuwa koti lake. Nyeupe, Kitinda! Nilikuwa nimesahau kwamba nyeupe ina baridi yake. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa manjano yako, nayo ilikuwa manjano tu, ndogo, imetulia, haipigi kelele hata kidogo. Nimeionea miaka yote hii.

La kushoto bado, mpaka mwezi wa kumi. Basi sasa nina mchezo. Nimekitandika kitambaa chako mezani. Nikifumba jicho la kushoto, ni bluu. Nikifumba la kulia, ni nyeusi ti. Nimefanya hivyo mpaka shemeji yako ameniuliza kama wadudu wameniingia. Ulikuwa unasema kweli, mdogo wangu, na mimi nilikuwa nasema kweli, na kitambaa kilikuwa kilekile.

Nimefungua sanduku. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Zambarau imelala na kahawia, soksi ya shemeji yako iko kwenye fungu la milia, na bafta zote nilizozikataa ni nyeupe kama mayai. Nilikwenda kwa mwenye duka kumwomba radhi. Aliponiona mlangoni alifungua soda kabla sijasema neno. Kwa mkunga nimefumua pindo lote, nikaweka bluu. Bitana ya koti ameniomba abaki nayo. Anasema mjukuu ameizoea, halali bila kuishika.

Sasa ile kazi niliyokukataza kuniuliza. Kila aliyetoka nyumba hii alitoka na mfarishi kwapani, isipokuwa wewe. Ulipoondoka nilikuwa na Mama mikononi, sikuwa na nafasi ya sindano. Nimekuwa nikiushona wako kidogo kidogo, na nilitaka katikati yake iwe bluu. Umelisema mwenyewe gauni lile la mifuko miwili, lakini hukuwahi kujua kwa nini lilikuwa bluu. Shule ilikuwa inatoa watoto wote kwa mkupuo, kundi zima linamwagika barabarani, na mimi nimesimama dirishani nina kazi zangu. Nilikushonea bluu ili nikuone kabla ya wote. Nilikuwa sitafuti uso, natafuta bluu, na nikishaiona narudi kwenye cherehani nimetulia.

Mfarishi umekwisha. Milia imo, maua madogo yamo, nyekundu kidogo imo, na manjano yako nimeiweka pembeni mwa bluu, zinaongea vizuri tu. Lakini siutumi. Uje uuchukue.

Mwombe ruhusa huyo mwenye karakana mwenye kiti na chai. Njoo kabla ya mwezi wa kumi, kabla hawajashika la kushoto, jicho moja linanitosha kwa hili. Vaa bluu. Ukifika, usibishe hodi, usiniamkie, usicheke, usikohoe. Simama hapo mlangoni na begi lako bovu, unyamaze kimya.

Nitaanza mimi.

Dada yako